Mkwanja au namba? Barua zenu za usajili na majibu yangu

Wiki hii barua karibu zote zinaongelea kitu kimoja, mchezaji afuate hela au afuate mpira. Naelewa, dirisha la usajili likifunguliwa kuna nyumba nyingi hazilali. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye barua ana siku chache za kuamua na ni maisha ya mtu, zingine nimejibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, winga wa kushoto, yupo timu ya Ligi Kuu ya mkoani na msimu huu kacheza karibu mechi zote, mshahara laki tisa na mara nyingi unachelewa. Mkataba umeisha. Timu moja kubwa ya Dar inamtaka, wanatoa pesa ya usajili milioni 25 na mshahara milioni 3, mkataba miaka mitatu, ila kwenye namba yake wapo wageni wawili na wote wanajua mpira. Kuna timu nyingine ya katikati ya msimamo, wao usajili milioni 5 na mshahara milioni moja na laki mbili, lakini kocha wao alimpigia simu mwenyewe akamwambia we ndo winga wangu wa kwanza. Baba alishafariki, mama anaumwa miguu, bati za nyumba zinavuja, wadogo wawili wako sekondari. Mjomba anasema akiacha milioni 25 basi amelogwa. Dogo anataka kucheza tu, usiku halali. Kila mtu ananiangalia mimi kwa sababu ndo nimesoma. Tufanyeje? Dada wa winga, Tanga.

JIBU: Dada pole kwa mzigo huo, na hongera, maana nyumba yenu imelea kijana anayegombewa.

Tuanze na hesabu kwa sababu watu wa mpira wanapenda kuiruka. Tofauti ya mshahara ni milioni 1.8 kwa mwezi, kwa miezi 36 inafika milioni 64.8, ongeza tofauti ya usajili milioni 20, jumla karibu milioni 85. Hiyo ni nyumba mpya, ni ada za wadogo mpaka chuo, ni matibabu ya mama bila kuchangisha ukoo. Kwa hiyo asije mtu akamwambia dogo kwamba hela siyo muhimu, anayesema hivyo kwanza aje alale chini ya hizo bati mvua inaponyesha. Mjomba hana tamaa, anaona kitu halisi kabisa na lazima aheshimiwe.

Ila hesabu ya mjomba ina shimo moja kubwa, inadhani miezi 36 itafika. Timu zetu kubwa zinasajili kila dirisha, na mchezaji asiyecheza ndo wa kwanza kuitwa ofisini kuambiwa bwana tukuvunjie mkataba kwa makubaliano au uende mkopo. Tuseme anaachwa baada ya msimu mmoja. Atakuwa amechukua milioni 25 na mishahara milioni 36, jumla 61, siyo haba hata kidogo, nyumba itaezekwa. Lakini anatoka pale ana miaka 21, ana mechi nne tano za kuingia dakika ya 85 timu ikiwa inaongoza tatu bila, na timu itakayomchukua haitampa milioni 3, itamrudisha kwenye laki tisa zake, pengine na chini ya hapo kwa sababu msimu mzima hakuna aliyemwona. Winga akiwa na miaka 20 mpaka 23 ndo anajifunza lini apige krosi na lini akate aingie ndani, na hicho kitu mazoezini hakifundishiki, kinafundishwa na beki mkorofi ugenini dakika ya 80 mashabiki wanakuzomea.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa beki wa kulia, miaka 22, napata namba kila wiki kwenye timu ya daraja la kwanza Morogoro. Akaja tajiri na timu yake akaniahidi mara tatu ya nilichokuwa napata, nikaenda, sikuuliza kitu. Mwezi wa kwanza nililipwa, wa pili nusu, wa tatu mpaka wa sita hamna kitu, kambini tunalala wanne chumba kimoja, na uwanjani nilicheza mechi tatu tu maana tajiri alikuwa amesajili mabeki wa kulia watatu. Niliporudi timu yangu ya zamani nikakuta kuna kijana ameshakaa kwenye namba yangu na alikuwa ananizidi. Nilitundika daluga na miaka 25. Tajiri yule simlaumu sana siku hizi. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenikalisha chini akaniambia uliza watacheza wangapi kwenye namba yako.

Sasa watu wakitaka kumshawishi kijana afuate ndoto wanamtaja mshambuliaji wetu Mbwana Samatta, lakini safari yake wanaisimulia nusu nusu. Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, DR Congo, na Mazembe ya tajiri Moïse Katumbi ilikuwa na uwezo ambao timu nyingi za ukanda huu ziliutamani tu. Kwa hiyo hela alifuata, tusidanganyane, ila aliifuata mahali anapocheza. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, 2015 wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika na yeye akafunga kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndo Genk ya Ubelgiji wakamchukua. Genk miaka minne, ubingwa wa Ubelgiji 2019, goli pale Anfield dhidi ya Liverpool Novemba mwaka huohuo, afu Januari 2020 akasaini Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Na angalia hapo dada, Villa ndo palikuwa juu kuliko kote na ndo alidumu muda mfupi kuliko kote. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi na Bournemouth, akafunga fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, lakini msimu uliofuata Villa walimnunua Ollie Watkins na Samatta akaondoka kwa mkopo kwenda Fenerbahçe. Hakukaa kusugua benchi la England ili asomeke yupo England. Baadaye alirudi hata Genk kwa mkopo, akaenda PAOK akachukua ubingwa wa Ugiriki 2024. Kwangu mimi kituo kikubwa cha safari yake ni ile miaka mitano ya Lubumbashi ambayo vijana wa siku hizi wanataka kuiruka.

Kwa hiyo mimi ningempeleka kwa yule kocha aliyepiga simu. Nasema hivyo nikijua namwomba mama yako asubiri, na siyo kitu chepesi kukisema.

Lakini msiende mikono mitupu. Kwanza ile simu ya kocha ni ahadi ya kocha, siyo ya klabu, na makocha wetu unajua wanavyofukuzwa, anaweza asimalize hata mzunguko wa kwanza. Ulizeni uongozi nani mwingine wanamsajili upande wa kushoto, angalieni na waliopo wana umri gani. Pili rudini mezani mkaombe. Milioni 5 inaweza kuwa 10 mkiwaambia ukweli kwamba kuna timu imeweka 25, na hiyo iingie benki yote kabla hajasaini, hapo bati za mama zimeshapatikana. Waandike bonasi ya mabao na pasi za mwisho. Mkataba uwe miaka miwili, na ndani yake kiandikwe kiasi cha pesa ambacho timu nyingine ikilipa dogo anaondoka, kiwe kiasi cha kulipika, siyo mabilioni ya kutisha watu.

Na msiifungie mlango ile timu kubwa. Waulizeni kama wako tayari kumsajili halafu msimu wa kwanza wampeleke mkopo kwa timu ile ile ya katikati huku wakimlipa mshahara wao. Wakikubali kwa maandishi basi mmepata vyote viwili na mjomba atachinja kuku. Wakikataa mtakuwa mmejua kwamba walikuwa wanamsajili ili wapinzani wao wasimpate, na hilo linatokea sana.

Kuhusu mshahara unaochelewa, kuna kitu wachezaji wengi hawaambiwi. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikilimbikiza mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji anaandika barua ya madai, anawapa siku 15 walipe, wasipolipa anaweza kuvunja mkataba akaondoka akiwa na haki yake. Ndo maana nasema mshahara upite benki, ule wa kukabidhiwa mkononi kwenye bahasha hauna ushahidi. Na wakala wake awe na leseni ya FIFA, mkataba wa wakala na mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, akiwaletea karatasi ya miaka mitano huyo mkimbieni. Mjomba naye abaki mjomba, asichukue asilimia.

SWALI: Kaka mkubwa mi ni Mwananchi damu, shabiki wa Yanga, niko Mwanza. Naomba useme ukweli, hawa wachezaji wana mapenzi na timu kweli? Mayele tulimwimbia akaondoka 2023. Fei Toto ndo usiniambie, mpaka leo sijamsamehe. Aziz Ki naye 2025 akaenda zake Wydad. Kila tukimpenda mtu anaangalia hela. Yaani tunajisikia wajinga. Mwananchi wa Mabatini.

JIBU: Usijisikie mjinga ndugu yangu. Mtu anayepanda basi Mwanza mpaka Dar kwenda kumwimbia mchezaji ametoa kitu cha thamani na ana haki ya kuumia. Ila hao watu watatu ni kesi tofauti, usiwafunge kamba moja.

Mayele nikianza naye, huyu alikwenda Pyramids ya Misri, klabu yenye hela, sawa, lakini wewe mwenyewe niambie alikuwa amebakiza nini hapa? Alishachukua ubingwa, alishakuwa mfungaji bora wa ligi sambamba na Saido Ntibazonkiza kwa mabao 17, aliwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Akaenda, akapata namba, na Juni 2025 Pyramids wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza huku Mayele akifunga kwenye mechi ya marudiano ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns. Septemba wakaenda Jeddah kucheza na Al-Ahli ya Saudia, timu ya kina Mahrez na Ivan Toney, Mayele akawapiga hat-trick kwao, tatu moja. Sasa huyo unamlilia kwa lipi? Hela na heshima vyote alivipata sehemu moja. Mi nilisimama sebuleni nikapiga makofi peke yangu, na wala siyo Mwananchi.

Fei ni kidonda kingine na sitajifanya hakiumi. Desemba 2022 alitaka kuondoka katikati ya msimu, kamati ya shirikisho la soka Tanzania, TFF, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje miezi hiyo yote, mpaka Juni 2023 pande zikamalizana akahamia Azam, na hiyo ni baada ya Rais Samia mwenyewe kuwaomba Yanga walimalize. Gharama yake unaijua, alikosa ile safari ya fainali ya Shirikisho, safari ambayo mchezaji wa Kizanzibari au wa Bara anaweza kuipata mara moja katika maisha yake ya mpira, au asiipate kabisa. Mi naamini kijana ana haki ya kudai thamani yake na naamini pia aliondoka vibaya, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Lakini alikwenda kucheza. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wenu aliyekuwa na 21, Azam wakamaliza nafasi ya pili juu ya Simba wakaenda Ligi ya Mabingwa, ingawa APR ya Rwanda waliwatoa mapema. Kwa hiyo usiseme alikwenda kulala kwenye noti.

Ukitaka kuona maumivu yaliyo makubwa zaidi waulize watani zako wa Simba. Februari 2021 winga wao Luis Miquissone aliwafunga Al Ahly ya Cairo pale kwa Mkapa, moja bila, uwanja ukapasuka. Agosti mwaka huohuo Al Ahly wakamnunua, na mwezi huohuo mwenzake Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco. Watu walisema wametoboa. Chama alirudi Simba Januari 2022, hata miezi sita haikuisha. Miquissone Cairo hakupata namba, wakampeleka Abha ya Saudia kwa mkopo, 2023 akarudi Simba na yule Miquissone wa 2021 hatukumwona tena. Hakuna aliyekosea kwenda, Al Ahly ni Al Ahly, nani angeikataa? Ila pale Cairo ukikosa namba wiki tatu umesahaulika, na winga anayeishi kwa kujiamini akishaanza kukaa jukwaani na suti miguu inapoteza ile kasi ya kuthubutu. Huo ndo woga wangu kwa yule dogo wa Tanga.

Kuhusu mapenzi, mchezaji anaweza kuipenda timu na bado akaondoka, kama mwalimu anavyoipenda shule ya kijijini na bado anaomba uhamisho mwanawe akiumwa. Miguu inalipwa miaka kumi hivi, goti likigoma hata mwaka haumaliziki. Mwimbie akiwa yupo.

SWALI: Hujambo ndugu. Mimi ni wa Mombasa, shabiki wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Nauliza kuhusu mshambuliaji wetu Olunga, mbona alienda Qatar wakati alikuwa moto Japani? Naona alijinyima Ulaya. Bakari, Likoni.

JIBU: Sijambo ndugu Bakari. Hilo swali limenikaa moyoni tangu Januari 2021 kwa sababu Olunga nampenda sana. Huyu ni mtu aliyekuwa anasoma uhandisi Technical University of Kenya huku anachezea Gor Mahia, akapita Sweden, akapita China, akapelekwa Girona kwa mkopo na kule La Liga akafunga hat-trick dhidi ya Las Palmas Januari 2018. Kashiwa Reysol ya Japani wakamchukua, Novemba 2019 akafunga mabao manane kwenye mechi moja ya daraja la pili dhidi ya Kyoto Sanga, walishinda 13 kwa 1. Manane! 2020 daraja la kwanza akafunga 28 kwenye mechi 32, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Halafu akasaini Al-Duhail ya Qatar.

Alikuwa na miaka 26. Nakiri siku ile niliumia kama wewe, nilitaka nimwone Ujerumani au England. Lakini Ulaya alishaionja na alishajua ilivyo kwa mshambuliaji Mkenya asiye na jina, unaletwa kwa mkopo, unapewa dakika za mwisho, ukikosa nafasi mbili wanamleta mwingine. Qatar alikwenda kuwa mshambuliaji namba moja. Mwaka 2021 akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Asia kwa mabao tisa, na 2023 akachukua ubingwa wa Qatar. Stars hawakupata mchezaji aliyechakaa benchi, walipata nahodha anayefunga kila wiki. Mkenya mwenzake Mariga kinyume chake ana medali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2010 na Inter, Kenya nzima inajivunia, na inastahili, ingawa fainali yenyewe hakuingia uwanjani. Ukiniuliza nani kati yao alicheza mpira mwingi zaidi miaka yake mizuri nitakwambia Olunga bila kufikiri. Bado natamani angepata msimu mmoja mzima Bundesliga, hilo sikufichi.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Maskati, mwanangu ana miaka 15, anacheza akademi hapa na anasema akikua anataka Saudia siyo Ulaya, kwa sababu mpaka Ronaldo na Benzema walikuja huku. Mimi nilikulia Unguja, kwetu mpira ulikuwa Ulaya. Nimwambie nini? Baba Salim.

JIBU: Waalaykum salaam Baba Salim. Mwambie kwanza aangalie umri waliokuja nao. Ronaldo alisaini Al Nassr akiwa na karibu miaka 38, Benzema alikwenda Al-Ittihad na 35, Kanté 32, hao walishabeba vikombe vikubwa ndo wakaja kuchukua walichostahili, na mtu wa umri huo mimi simnyooshei kidole. Henderson alikaa Al-Ettifaq miezi sita tu akakimbilia Ajax, na Euro 2024 akaikosa.

Wa kumwonyesha Salim ni vijana. Gabri Veiga alikuwa na miaka 21, nyota wa Celta Vigo, Napoli wanamtaka, Agosti 2023 akaenda Al-Ahli ya Saudia mpaka Toni Kroos akaandika hadharani kwamba ni aibu. Mi niliona neno la Kroos ni kali mno, mtu aliyekaa Real Madrid miaka yote hiyo ni rahisi kwake kusema. Na kijana hakupotea, 2025 alitwaa ubingwa wa Asia kisha akarudi Ulaya, Porto. Ila alirudi kwa njia ndefu na jina lake lilikuwa limeshuka kuliko alivyoondoka. Jhon Durán naye, miaka 21, Villa walimuuza Al Nassr Januari 2025 kwa karibu euro milioni 77, akawa anafunga vizuri tu, katikati ya mwaka akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Ukiwa kijana ukafuata hela tupu unahamishwa kama meza.

Na hela yenyewe haina mizizi kila mahali. Samuel Eto'o wa Cameroon mwaka 2011 alikwenda Anzhi Makhachkala kule Dagestan, Urusi, akawa analipwa kuliko wachezaji wote duniani, wachezaji wanaishi Moscow wanapanda ndege kwenda kucheza mechi za nyumbani, 2013 tajiri akapunguza bajeti timu ikavunjika, leo klabu haipo. Jiangsu ya China walichukua ubingwa Novemba 2020, Februari 2021 wakafunga milango. Mabingwa! Saudia ina nguvu zaidi kwa sababu mwaka 2023 mfuko wa taifa ulishika klabu kubwa nne, siilinganishi moja kwa moja, ila mzazi lazima ajue hadithi hizi.

Upande wa pili msimpambe sana aliyekataa. Mbappé 2023 Al Hilal waliweka euro milioni 300 mezani kwa PSG, akakataa hata kukutana nao, akasubiri mpaka 2024 akaenda Real Madrid anakokupenda tangu mtoto. Nilimheshimu. Mei 2025 PSG wakabeba Ligi ya Mabingwa bila yeye, tano bila dhidi ya Inter. Alichagua ndoto na kombe likaenda alikotoka, ndo mpira ulivyo, na bado naamini hakukosea.

Kwa Salim mwenyewe ana miaka 15, na kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa nje ya nchi kabla ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mna miaka mitatu. Akitokea mtu akakuambia anaweza kumpeleka Riyadh au Lisbon mwaka huu kwa ada kidogo tu ya usajili, usimpe hata riali moja. Abaki akademi, asome, na kila wiki muulize amecheza dakika ngapi, usimuulize tu kama wameshinda.

Dada wa winga, nimeona ujumbe wako wa pili kwamba timu ya katikati wamefika milioni 8. Waambie 10, na wakikutumia mkataba usimpe dogo kalamu, nipigie picha kurasa zote ikiwemo ile ya mwisho yenye maandishi madogo, nitausoma usiku huohuo na kama kuna kipengele sikielewi nitampelekea mwanasheria ninayemwamini. Na mama naomba umpe salamu zangu.